Mgawo wa Majira

Tulipoachana, mwanasheria aligawa
vijiko, deni la gari, hata mitungi ya jamu.
Boti ya mpira ikamshinda.
Ndipo Ilpo akasema, kwa upole ule ule ulionichosha:
mimi niichukue Mei, wewe Oktoba.
Nikaitikia bila kupiga hesabu.
Ndivyo mmoja alivyopata ziwa
na mwenzake akapata ngozi.

Mwaka huu ameiacha mlangoni, imefungwa kamba ya buluu.
Hakubisha hodi.
Jana kingo za Saimaa zilianza kuganda,
utando mwembamba, kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Naiburuta hadi sauna ya jengo,
Jumanne, siku isiyo na zamu ya mtu.
Jiko siliwashi. Mpira si binadamu,
hautaki kutoka jasho.
Bwana Kettunen wa ghorofa ya pili anachungulia na taulo begani.
"Kuna mtu humo?"
"Kuna boti."
Anafikiri kidogo.
"Basi ikimaliza, uniite."

Naijaza upepo kwanza: kitu kilichonywea hakiosheki,
uchafu hujilalia kwenye makunyanzi.
Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, sifongo.
Chini ya ubao wa sakafu nakuta kiangazi chao:
kokwa tisa za cheri,
magamba ya samaki, makavu, yamenata,
kibanio cha nywele, cha kijani.
Mimi nywele zangu ni fupi tangu themanini na tisa.

Halafu, ubavu wa kushoto, kiraka.

Ilpo hukata viraka vya pembe nne,
na pembe ndizo hubanduka,
nilimwambia miaka kumi na tisa.
Hiki ni cha mviringo.
Kimepigwa msasa ukingoni, gundi haikuchuruzika hata tone.
Napitisha ukucha, sipati pa kuuingiza.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
huyu mwanamke kazi anaijua.

Nafuta, nageuza, nafuta tena.
Maji hupenda kubaki kwenye mishono, kama maneno.
Kisha nafungua vali
na upepo unatoka kwa mluzi mrefu usoni pangu.
Ningependa kusema ni pumzi ya Agosti yao.
Lakini niliijaza mwenyewe, saa moja iliyopita.
Ni hewa ya sauna tu, inanuka sabuni.

Poda ya mtoto. Binti wa dukani
alinitazama mvi, akanipongeza kwa mjukuu.
Nikamwambia ahsante,
ana kilo ishirini na sita.

Sasa kukunja, na hapa ndipo penye mtihani.
Mwaka ule wa kwanza niliikunja kwa magoti,
niliikaza kamba kwa meno,
nikairundikia matairi manne juu.
Hasira hasara, na hasara ya mpira huonekana Mei:
ilipasuka palepale kwenye mkunjo, katikati ya ziwa.
Ilpo aliogelea, akalipa, akanyamaza.
Kiraka cha siku ile kipo bado, ubavu wa kulia.
Cha pembe nne. Pembe moja imeanza kuinuka.

Kwa hiyo naikunja kilegelege,
kama shuka la mgeni ambaye huenda akarudi.
Ghala namba kumi na nne, rafu ya juu,
panya wasifike, bomba la maji moto lisiikaribie,
juu yake kisikae kitu.
Vali naiacha wazi.
Chupa ya gundi napanda nayo jikoni kwangu,
huko chini baridi itaiua.

Kibanio nimekirudisha
kwenye mfuko wa vifaa vya viraka,
pamoja na karatasi mpya ya msasa.
Ile ya zamani ameimaliza.

"Bwana Kettunen!" naita ngazini.
"Imemaliza."